Kahawa kwa Watu Wanaokesha Kigoma: Namna ya Kupima Kafeini na Kupanga Saa ya Kuinywa

Kigoma ni mji wa watu wanaokesha. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jua likizama na kurudi mwaloni alfajiri. Dereva wa basi anaamka wakati wengine ndiyo kwanza usingizi umekolea. Muuguzi wa zamu, mlinzi wa ghala, kuli wa bandarini, mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye mtihani mbele yake: kila mmoja ana cha kumshikilia. Kuna kahawa tungu ya birika, kuna chai ya rangi iliyochemka mpaka imekuwa nyeusi, na siku hizi kuna zile enaji za chupa zinazopangwa kwenye friji karibu na soda.

Sikuja kumkataza mtu kahawa. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, kahawa ya kiasi ni kinywaji salama, na tafiti nyingi zilizowafuatilia watu kwa miaka zimewakuta wanywaji wa kahawa wakipata kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa Parkinson kwa uchache kuliko wasiokunywa. Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba watu wetu wanahesabu vikombe na kusahau saa. Mtu atakuapia kwamba yeye ni viwili tu kwa siku, halafu viwili vyenyewe anavinywa dakika chache kabla ya kutafuta usingizi, na kesho yake analalamika mwili mzito.

Kwanza ielewe inavyofanya kazi

Unapokuwa macho, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyokwenda inazidi, inashika vipokezi vyake, na kope zinakuwa nzito. Kafeini, kile kilichomo kwenye kahawa na chai kinachofukuza usingizi, ina umbo linalokaribiana na la adenosini, kwa hiyo inawahi kukaa kwenye vipokezi hivyo kama abiria aliyekalia kiti cha mwenye tiketi. Mwenye tiketi hajashuka, amesimama tu. Kafeini ikianza kuisha mwilini, adenosini yote iliyokuwa inasubiri inakaa kwa mpigo, ndiyo maana mtu aliyekuwa mchangamfu saa tisa usiku anaweza kuangushwa na usingizi ghafla saa kumi na moja. Kwa maneno mengine, uchovu wako haujapungua hata kidogo, umefichwa tu.

Ukishakunywa, kafeini huingia kwenye damu haraka. Wengi wetu huisikia ndani ya nusu saa, na hufika kileleni kama saa moja baada ya kunywa. Kutoka ndiko kunakochelewa. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini huondoka ndani ya masaa 5 hivi, ingawa wapo ambao ini lao huimaliza kwa masaa mawili na wapo wanaokwenda mpaka tisa. Chukua mtu aliyekunywa miligramu 200 saa kumi jioni. Saa tatu usiku bado ana 100. Saa nane usiku ana 50, sawa na mtu aliyeamshwa usiku wa manane akapewa kikombe cha chai. Anaweza kupata usingizi, ila usingizi wenyewe unakuwa wa juujuu na hauponyi uchovu.

Hatua ya 1: Andika kila kinachoingia kwa siku tatu

Chukua daftari au simu. Andika kinywaji, ukubwa wa kikombe na saa. Usiandike kahawa peke yake. Chai ya rangi ina kafeini, chai ya maziwa ina kafeini (maziwa hayaipunguzi), soda nyeusi za kola zina kafeini, enaji zinayo, na hata baadhi ya dawa za maumivu zinayo. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini, na vikinywewa viwili kwa pamoja ni 130. Mtu anayemeza viwili usiku ili alale kichwa kikiwa kimetulia anajishangaa kwa nini macho yako juu ya dari. Panadol ya kawaida haina.

Tangawizi, mchaichai, mdalasini na hiliki havina kafeini vikichemshwa bila majani ya chai. Ukali wa tangawizi kooni unadanganya wengi.

Hatua ya 2: Pima kutoka kwenye unga, usipime kwa rangi wala harufu

Kafeini safi ni unga mweupe, mchungu, usio na harufu. Mkemia Mjerumani Friedlieb Runge aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819, nayo ile harufu inayokuvuta ukipita karibu na jiko la muuza kahawa inatoka kwenye vitu vingine kabisa. Kwa hiyo kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi tii inaweza kuwa chungu zaidi bila kuwa na kafeini zaidi. Kukaanga hakuiondoi wala hakuiongezi kwa kiasi cha maana.

Kinacholeta tofauti kubwa ni aina ya buni. Milima ya Kalinzi na vijiji vya jirani hapa Kigoma hulima arabika. Kahawa nyingi inayotoka Kagera ni robusta, ile ile ambayo Wahaya huitafuna ikiwa mbegu kavu iliyochemshwa na majani ya viungo. Arabika ina kafeini ya asilimia 1.2 hadi 1.5 ya uzito wake. Robusta ni zaidi ya asilimia 2, karibu mara mbili. Kumwuliza muuza kahawa wako buni yake imetoka wapi ni swali la afya kabisa, na kwa kawaida atafurahi kulijibu.

Sasa hesabu yenyewe. Kahawa ya birika huchemshwa muda mrefu, kwa hiyo karibu kafeini yote ya kwenye unga huhamia kwenye maji. Tuseme birika la lita 2 limewekwa gramu 100 za unga. Gramu 100 za arabika zina kafeini miligramu 1,200 hivi. Gawanya kwenye lita mbili, unapata miligramu 60 kwa kila mililita 100. Kile kikombe kidogo cha kahawa tungu, kikijazwa kwa kiasi, huingia mililita 60 hivi, kwa hiyo kina miligramu 36. Birika hilo hilo likiwa la robusta, kikombe kile kile kina 66.

Kama huamini ukubwa wa kikombe chako, kuna njia rahisi. Jaza chupa ya maji ya nusu lita, mimina kwenye kikombe mpaka chupa iishe, uhesabu umejaza mara ngapi. Gawanya 500 kwa idadi hiyo. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 5 za unga wa kahawa, kwa hiyo hata nyumbani bila mizani unaweza kukadiria.

Kwa vinywaji vingine: sufuria ya chai ya lita moja iliyowekwa gramu 4 za majani (vijiko viwili vidogo) ina miligramu 120 hivi, yaani 30 kwa kila kikombe kikubwa. Anayemimina majani kwa kuinamisha pakiti juu ya sufuria anapata mara mbili au tatu ya hapo. Soda ya kola ya mililita 300 ina karibu 30. Enaji nyingi zina miligramu 30 hadi 32 kwa kila mililita 100, na kiasi hicho huandikwa kwenye lebo kwa herufi ndogo. Kopo la mililita 250 ni 80, chupa ya nusu lita ni 160.

Mpaka unaotumiwa na wataalamu wengi, ikiwemo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliyotoa tathmini yake mwaka 2015, ni miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na zisizidi 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa birika letu la mfano, 400 ni vikombe kumi na kimoja vya arabika lakini sita tu vya robusta. Kijiwe kimoja kinaweza kumfaa mtu na kingine kikamtetemesha mikono, ilhali anaamini amekunywa kahawa ile ile.

Hatua ya 3: Weka saa ya mwisho

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua zote, na haigharimu hata shilingi.

Hesabu kurudi nyuma kutoka saa unayolala. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 za kafeini masaa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa nzima. Masaa sita ndiyo chini kabisa. Mimi nashauri manane kwa anayejua usingizi wake ni mwepesi. Anayelala saa nne usiku basi kikombe chake cha mwisho kiwe saa nane mchana, au akikaza sana saa kumi jioni. Kahawa ya barazani baada ya magharibi, ambayo ndiyo tamu kuliko zote kwa sababu ya mazungumzo, ndiyo inayowaponza wazee wengi wa Ujiji wanaodai kwamba uzee umewaondolea usingizi. Uzee unachangia, sikatai. Lakini jaribu wiki moja kukaa barazani na kikombe cha mchaichai uone.

Kwa mtu wa usiku saa inageuka. Mvuvi anayelala saa tatu asubuhi anatakiwa kikombe cha mwisho akinywe saa tisa usiku, akiwa bado majini. Chupa ya chai aende nayo, anywe mwanzoni na katikati ya usiku, kidogo kidogo. Vikombe vidogo vilivyotawanywa vinamweka macho vizuri kuliko kopo zima la mkupuo. Shida inakuja akishatua kwenye mwalo wa Kibirizi. Dagaa wanashushwa, wachuuzi wamejaa, bei inabishaniwa, na muuza kahawa yuko pale pale na birika lake la moto. Baridi ya ziwa imemwingia mifupani, anakunywa vitatu akisubiri pesa yake, kisha anakwenda nyumbani kujigeuza kitandani mpaka adhuhuri. Jioni anaingia ziwani na usingizi wa juzi na wa jana. Akitaka cha moto saa ile, uji ni mwema, mchaichai ni mwema, hata maji ya moto yenye tangawizi na sukari kidogo yatamtoa baridi.

Muuguzi na mlinzi wafuate hesabu hiyo hiyo kwa saa zao.

Dereva ana lake. Akianza kusinzia kwenye usukani, kahawa peke yake haitoshi, kwa kuwa inachukua karibu nusu saa kabla haijafanya kazi, na ndani ya muda huo basi limekwenda kilomita nyingi. Asimame mahali salama, anywe kahawa, halafu alale hapo hapo dakika 15 hadi 20. Atakapoamka kafeini ndiyo inaanza kuingia, na kile kiusingizi nacho kimemsaidia. Njia hii imejaribiwa na madereva waliochoka na imeonekana kushinda kahawa peke yake au kusinzia peke yake. Abiria watanung'unika. Wanung'unike.

Hatua ya 4: Jua kama wewe ni wa kupunguza zaidi

Mama mjamzito yuko mbele ya wote. Mimba inavyokua, mwili wake huchelewa kuitoa kafeini, na miezi mitatu ya mwisho nusu yake inaweza kuchukua masaa 15 kuondoka. Kafeini hupita kondo bila kizuizi na mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kuivunja. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mamlaka nyingi za Ulaya zinaweka mpaka kwenye 200, na mimi ningeshika huo. Ni vikombe viwili vitatu vya chai nzito kwa siku, na enaji asiguse. Anayenyonyesha pia akae kwenye 200, hasa mtoto akiwa mchanga, kwa sababu kafeini kidogo hupita kwenye maziwa na ini la mtoto mchanga huikalia kwa siku kadhaa. Mtoto analia usiku, bibi anasema ni chango. Kabla ya kutafuta dawa ya chango, mama apunguze chai.

Watoto wadogo hupimwa kwa uzito: miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 15 anaishia kwenye 45. Kikombe kimoja cha chai ya kawaida na nusu ya soda, amefika. Kopo moja la enaji limempitisha mbali.

Mwenye presha asiogope chai yake ya asubuhi, lakini afahamu kwamba kafeini hupandisha shinikizo la damu kwa masaa machache, hasa kwa asiyeizoea. Asinywe ndani ya nusu saa kabla ya kupimwa, ama sivyo ataandikiwa dawa kwa namba ambayo si yake. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo asikilize tumbo lake. Vidonda vyenyewe kwa kawaida huletwa na bakteria wa tumboni au dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, kahawa ikawa inachokoza tu. Mwenye wasiwasi mwingi, moyo kwenda mbio au mikono kutetemeka, apunguze kabla ya kutafuta jina la ugonjwa.

Kuna dawa pia. Siprofloksasini, ambayo watu huimeza sana kwa UTI na taifodi, huzuia ini kuivunja kafeini, kwa hiyo kikombe ulichokizoea kinaweza kukupa kiherehere cha vikombe vitatu. Vidonge vya uzazi wa mpango hufanya kafeini ikae karibu mara mbili ya muda wake. Aminofilini ya pumu ni ndugu wa kafeini, na vikikutana moyo hudunda. Tumbaku hufanya kinyume: mvutaji huimaliza kafeini upesi, na akiacha sigara bila kupunguza kahawa atajikuta na wasiwasi na kukosa usingizi, alaumu kuacha sigara.

Hatua ya 5: Itenge chai na chakula

Hili si la kafeini, ni la vitu vingine vilivyo ndani ya majani ya chai na kahawa, lakini siwezi kuliruka. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, mboga za majani na nafaka hushikwa na chai tumboni na kutolewa nje. Kikombe cha chai pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Kahawa hufanya hivyo pia, kwa kiasi pungufu. Kwenye mkoa wenye malaria nyingi, ambako damu za watoto na wajawazito tayari zinaliwa na vimelea, chai juu ya sahani ya maharage ni hasara juu ya hasara.

Kunywa chai saa moja kabla ya kula, au subiri kama masaa mawili baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki visimezwe kwa chai kamwe. Maji, na chungwa au embe pembeni likipatikana, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Chai ya asubuhi na mkate au mhogo haina hasara kubwa; anza kwa kulinda mlo wa mchana na wa jioni.

Hatua ya 6: Ipoze, na kama una kolesteroli, ichuje

Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Kahawa yenyewe halikuikuta na hatia hiyo. Tatizo ni moto. Afrika Mashariki ni moja ya sehemu za dunia zenye saratani hiyo kwa wingi, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Kama unalazimika kuivuta kwa mdomo uliobinuka ukitoa mlio wa "fyuu" ili ulimi usiungue, bado haijafika wakati wake. Iache kwenye kikombe, uzungumze kwanza. Kikombe kidogo hupoa upesi.

Kahawa ya kuchemsha hubaki na mafuta ya buni, na ndani yake kuna kitu kiitwacho kafestoli kinachopandisha kolesteroli. Kuacha machicha yatuame chini ya birika hakuyatoi mafuta hayo. Karatasi ya kuchujia huyatoa sehemu kubwa. Kwa mnywaji wa vikombe viwili asiye na tatizo, hakuna haja ya kuhangaika.

Kashata na sukari nimeziacha makusudi, kila mtu anajua. Ila soma lebo ya enaji: nyingi zina gramu 11 hivi za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ina gramu 55, yaani vijiko vidogo zaidi ya kumi. Na tafadhali usiichanganye na konyagi. Kafeini haiondoi pombe hata tone kwenye damu. Inamfanya mlevi ajione mzima, apande bodaboda akiendesha yeye.

Hatua ya 7: Ukitaka kupunguza, usikate ghafla

Mwili uliozoea kafeini huongeza vipokezi vya adenosini. Ukiiondoa ghafla, kichwa kinaanza kugonga ndani ya masaa 12 hadi 24, kinakolea siku ya kwanza na ya pili, na hali inaweza kuendelea mpaka siku tisa: uchovu, hasira, kichefuchefu, kushindwa kutulia kwenye kazi. Wengi hapo hukimbilia dawa ya malaria. Maumivu ya kuacha kahawa hayaji na homa. Ukiwa na homa usisingizie kahawa, nenda zahanati ukapime. Usipokuwa na homa, na juzi ulikuwa unakunywa vikombe sita, sababu unayo.

Punguza robo ya kiasi chako kila baada ya siku mbili au tatu. Anza na kikombe kilicho karibu zaidi na usingizi wako, kile cha asubuhi kiwe cha mwisho kuguswa. Kijiweni mwambie tu mzee, "Babu, leo niwekee nusu." Hakuna muuza kahawa atakayekufukuza kwa hilo, ingawa wenzako watakutania. Nyumbani, punguza unga kwenye birika badala ya idadi ya vikombe, utabaki na mazoea yako yote.

Kwa mvuvi wa dagaa, wakati mwafaka upo kila mwezi. Siku za mbalamwezi taa hazikusanyi dagaa vizuri na mitumbwi mingi inapumzika. Hizo ndizo siku za kulala usiku kama watu wengine na kushusha kiasi cha kahawa. Giza likirudi, kikombe kimoja kitafanya kazi iliyokuwa inafanywa na vitatu, kwa sababu mwili umesahau kidogo.

Kwa wafungaji, anza kupunguza katikati ya Shaabani. Maumivu ya kichwa ya siku mbili za kwanza za Ramadhani, ambayo watu hudhani ni njaa, mara nyingi ni kafeini iliyokatwa ghafla. Wakati wa mfungo kunywa baada ya futari mapema, au kikombe kimoja cha wastani wakati wa daku, si vyote viwili. Ile habari kwamba chai ya daku hukausha maji yote mwilini imetiwa chumvi: kwa aliyeizoea, chai na kahawa za kiasi huhesabiwa kama maji mengine.

Hatua ya 8: Dalili za kukimbilia hospitali

Mikono kutetemeka kidogo na moyo kwenda mbio baada ya kunywa nyingi hupita yenyewe. Acha kunywa, pumzika, kunywa maji. Lakini kutapika kusikokoma, maumivu ya kifua, moyo unaoruka mapigo, kuchanganyikiwa, kuzimia au degedege si mambo ya kusubiri kupambazuke. Kiasi cha miligramu 1,200 kikiingia kwa haraka kinaweza kuleta degedege, na kijana anayeshindana na wenzake kumaliza chupa kubwa za enaji moja baada ya nyingine anaweza kufika huko. Mtoto aliyekunywa kopo la enaji au kumeza vidonge vya maumivu vya nyumbani apelekwe hata kama anaonekana mzima; kwenye vidonge, parasetamoli yenyewe ni hatari kubwa kuliko kafeini.

Beba chupa, kopo au pakiti ya dawa uende nayo, na umwambie daktari kiasi kilichonywewa na saa iliyonywewa. Kama mgonjwa ana dawa nyingine anazotumia, zitie kwenye mfuko huo huo.